SOMO KWA WALIMU NA WAZAZI WA KALASI YA WADOGO: RANGI YA MAJANI

Kusoma nyumbani: Mwanzo 1:11-13, Zaburi 23, Marko 6:39, Mathayo 18:10



Somo hili tunaliandikia walimu na wazazi wanaoshika watoto wa miaka 2, 3 na 4, wale ambao bado wanabebwa mgongoni ibada inapokuwa ndefu. Wengine watauliza: rangi ni neno la kanisa? Si kazi ya shule? Tunawajibu kwamba mtoto wetu anaona rangi mbili za kanisa kabla hajajua hata herufi moja. Anaziona kwenye sare ya mama yake, kwa wapiga fanfari, kwenye kuta za mahekalu yetu mengi. Nyeupe na rangi ya majani. Anaonyesha kwa kidole na kuuliza. Sisi mashemasi tumeona katika paruasi yetu ya hapa Lubumbashi kwamba jibu baya kwa ulizo dogo namna hiyo linaweza kuzaa taabu kubwa, na habari hiyo tutaieleza mbele.

Mkubwa anajua tunavyofundishwa: nyeupe ni usafi, rangi ya majani ni tumaini. Lakini mtoto wa miaka 3 ukimwambia tumaini, hashiki kitu. Jicho lianze, mkono ufuate, kisha neno. Maana itakuja kwa wakati wake, katika katekisimo.

Tusome kwanza Biblia. Katika Mwanzo, siku ya tatu, Mungu anaiamuru nchi itoe majani na miche yenye mbegu na miti ya matunda. Jua na mwezi vinakuja siku ya nne. Basi majani ni kazi ya zamani sana. Katika Zaburi 23 Daudi anamtaja mchungaji anayewalaza kondoo wake penye majani mabichi. Na tazameni Marko 6:39. Wainjilisti wote wanne wanaeleza habari ya mikate mitano na samaki wawili, lakini Marko peke yake ndiye anayetaja rangi ya majani waliyokalia watu. Yoane, sura ya 6, anasema Pasaka ilikuwa karibu. Katika nchi ile Pasaka inafika mwisho wa mvua, na nyasi bado ni mbichi; miezi ya baadaye jua linazikausha. Kumbe neno moja la rangi linatuonyesha hata majira. Anayefundisha mtoto kutazama rangi anamfundisha kutazama kama Marko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kiswahili chetu kinatusaidia na pia kinatusumbua. Rangi zenye jina lake zenyewe ni tatu tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingine nyingi zinaazima jina la kitu: ya majani, ya majivu, ya udongo, ya chungwa. Hapo mwalimu amepata msaada mkubwa, kwa sababu jina lenyewe linamwambia mtoto atazame wapi. Ukisema "kikombe cha rangi ya majani", mtoto anasikia kikombe kwanza, anakishika kwa macho, kisha anasikia kifanane na nini. Mpe jani mkononi, alipeleke mwenyewe karibu na kikombe. Hilo tu ni somo la siku nzima.

Lakini angalieni mwembe wa uani. Majani yake machanga yanatoka mekundu-mekundu, kama shaba iliyosuguliwa, na yanageuka polepole. Na katika misitu yetu ya miombo, mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijanyesha, miti inavaa majani mapya mekundu hata mtu anadhani imeshika moto. Mtoto akikuletea jani kama hilo na kusema "jekundu", usimwambie amekosa. Yeye ameona, ni jina letu lililopungua. Kwa hiyo tunashauri somo hili lifanywe mwezi wa kwanza hadi wa tatu, mvua inapokuwa nyingi na uwanja wote ni mbichi. Kuanzia mwezi wa sita nyasi zetu zimekauka, na mwalimu atahangaika kutafuta mfano.

Neno lingine juu ya lugha. Wakienda shuleni watasikia neno la Kifaransa, vert. Sikio la mtoto halitofautishi neno hilo na verre, glasi, wala na ver, mnyoo. Tulimwambia binti mmoja kwa Kifaransa atuletee vert, akaenda jikoni akarudi na glasi, tena imejaa maji, kwa heshima kabisa. Tulikunywa tukamshukuru. Tangu siku ile tunaanza na Kiswahili, Kifaransa kitafuata.

Walimu wengi wanaanza kwa kuuliza: "Hii ni rangi gani?" Hapo ndipo wanapopotea. Mtoto wa miaka 2 anaweza kuweka vitu vinavyofanana pamoja miezi mingi kabla hajaweza kutaja jina la rangi. Akiulizwa jina mapema anatupa neno lolote, watu wanacheka, na mara ya pili ananyamaza. Tunafanya hivi: tunatandika mikeka miwili chini, mmoja mweupe, mmoja wa rangi ya majani. Kitenge cha kanisa kilichochakaa kinafaa sana. Tunaweka kikapuni vifuniko vya chupa na vya bidoni, vipande vya vitambaa, karatasi, majani, kibuyu cha plastiki, soksi. Vyote viwe vyeupe au vya rangi ya majani, bila rangi ya tatu. Mwalimu anaweka cha kwanza bila kusema mengi. Anaweka cha pili. Kisha anampa mtoto cha tatu na kungoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu ya mwalimu. Akiweka vibaya, mwalimu asiseme "hapana". Achukue kitu kile, akiweke karibu na mkeka mmoja, kisha karibu na mwingine, mtoto atazame mwenyewe. Vitu vidogo vinavyoweza kuingia kooni visiwemo. Kifuniko cha chupa ya soda ni kwa wale wakubwa kidogo, na mwalimu akihesabu kabla na baada.

Tunaanza na nyeupe kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndizo rangi zetu. Ya pili tutaieleza kwa kirefu, maana ndiyo iliyotufanya tuandike.

Jikoni ni shule nzuri kuliko kalasi. Mama anaporudi sokoni na lengalenga, matembele, sombe, ngai-ngai, pilipili mbichi, avoka, mtoto akae karibu na kikapu. Apange majani huku na mengine kule. Aone lengalenga mbichi, kisha aione ikishapikwa, imekuwa nzito zaidi. Aone ngai-ngai inavyopoteza rangi yake kwenye moto mara moja kwa sababu ya uchachu wake. Ndizi mbichi iwekwe dirishani, atazame kila asubuhi hadi iwe ya manjano. Mwonyesheni pia chungwa la kwetu, ambalo mara nyingi linaiva na ganda linabaki la rangi ya majani. Ajue kwamba ganda si tunda. Jambo moja tu la kukataza: sombe mbichi isitiwe mdomoni. Majani ya mhogo yana sumu kabla ya kutwangwa na kupikwa muda mrefu, na mtoto wa umri huu anaonja kila kitu.

Uani vilevile kuna hatari. Kuna miti ya ua yenye utomvu mweupe kama maziwa. Ukiingia jichoni unaumiza vibaya. Mbegu za mbono zinapendeza lakini ni sumu. Mwalimu atembee peke yake kwanza, aone kilichopo, ndipo awatoe watoto. Tunawafundisha kuokota yaliyoanguka na kuomba ruhusa kwa mwenye bustani kabla ya kuchuma. Na wengine watatamani kuleta malakiti, jiwe letu la Katanga, kwa kuwa rangi yake inapendeza. Mwonyesheni mtoto likiwa mkononi mwenu. Asilishike wala kulilamba. Ndani yake ni shaba, na vumbi lake si chakula.

Watoto wanapenda sana kazi ya kupiga majani. Chukua kitambaa cheupe kilichochakaa, weka jani bichi lenye maji, lengalenga au jani la maharage, kunja kitambaa juu yake, kisha mtoto agonge kwa jiwe laini huku mkubwa akishika kitambaa. Ukikunjua, jani limebaki pale, na mishipa yake yote. Watoto wanapiga kelele ya furaha kila mara, hata wakifanya mara kumi. Baada ya siku chache alama ile inageuka rangi ya udongo. Wasifichwe hilo. Wataulizia jani lao limekwenda wapi.

Na kama mwalimu ana subira ya wiki mbili, achukue makopo mawili, atie udongo na mbegu za maharage katika yote mawili, ayanyweshe maji sawa. Kopo moja likae penye mwanga, jingine lifunikwe kwa ndoo. Yakishaota, lile la mwangani ni fupi, nene, la rangi ya majani. Lile la chini ya ndoo limekuwa refu na jembamba, na rangi yake ni ya kufifia, manjano hafifu. Watoto walilihurumia. Mmoja akasema linaumwa. Tuliliondolea ndoo mbele yao, na katika siku mbili hivi likaanza kubadilika. Hatukuongeza mahubiri, wakubwa waliokuwa nyuma walianza kunong'ona wenyewe kwa wenyewe juu ya maandiko.

Nyimbo pia zinasaidia. Msitafute mbali, tungeni maneno machache yenye jina la mtoto na kitu alichoshika, mwimbe kwa kupiga makofi taratibu. Wenzetu wazee watakumbuka kwamba sisi tuliozaliwa wakati wa Zaire tulijifunza rangi hii kwenye bendera, asubuhi tumesimama mstari, maana kuanzia 1971 hadi 1997 bendera ya nchi ilikuwa ya rangi ya majani. Bendera ya leo haina rangi hiyo. Watoto wetu hawana tena mwalimu yule wa kila asubuhi.

Sasa tueleze habari ile.

Tulikuwa tunatayarisha sikukuu ya Noeli ya tarehe 25 mwezi wa tano. Kalasi ya wadogo ilipaswa kuandamana, kila mtoto na kitambaa chake. Mezani kulikuwa vitambaa vya rangi ya majani vya kanisa, na vingine vyekundu vilivyobaki kutoka harusi fulani. Mtoto mmoja wa kiume, amekaribia miaka 4, mwerevu, mwenye kuimba vizuri kuliko wote, aliambiwa achukue kitambaa cha rangi ya majani. Akachukua chekundu. Akarudishwa. Akachukua chekundu tena. Mara ya tatu akachukua cha kweli, watu wakapiga makofi. Akakirudisha akachukua chekundu, kwa kuwa hakujua tunapiga makofi kwa nini. Aliyekuwa akiwaongoza alikasirika, akasema mbele ya watu kwamba mtoto huyu anakataa rangi ya kanisa. Mtu mwingine akaongeza: inawezekana si yeye anayekataa, kuna kitu ndani yake kinachokataa.

Wapendwa, mnajua neno hilo linakopeleka katika miji yetu. Mnajua watoto wanaolala sokoni na karibu na gari-moshi kwa sababu mtu mmoja alisema "kuna kitu ndani yake", na mwingine akaitikia. Sisi mashemasi tulisikia neno lile. Hatukulikemea. Tulisema litapita. Kwa wiki mbili lilitembea kutoka nyumba hadi nyumba, hata baba wa mtoto akaanza kumtazama kwa jicho jingine, na mama akaacha kumleta. Upendo, Amri, Kazi: tulikuwa tukiangalia kazi ya sikukuu, na neno la kwanza tulikuwa tumelisahau.

Aliyetuokoa ni nyanya wa mtoto, mzaa mama. Alikuja hekaluni siku ya katikati ya wiki, akavua viatu, akaomba, kisha akatuuliza polepole: "Ninyi mashemasi, mnamjua mjomba wa huyu mtoto?" Tunamjua, anauza mkaa. Akasema: "Nilimtuma sokoni miaka yote ya utoto wake, hajawahi kuniletea nyanya mbivu ila kwa kubonyeza. Kwa macho hazijui. Na baba yangu mimi alikuwa hivyohivyo. Huyo naye mtasema ana kitu ndani?"

Tulinyamaza. Tukaenda kuuliza muuguzi anayefanya kazi ya macho, naye akatueleza vizuri. Nyuma ya jicho kuna chembe za namna tatu zinazopokea rangi. Kuna watu wanaozaliwa na namna moja iliyopungua, na kwao nyekundu na rangi ya majani zinakaribiana sana, hasa zikiwa na uzito mmoja wa giza. Wanaona vizuri vitu vingine vyote. Jambo hili linawapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na mara nyingi linapita kwa mama: yeye mwenyewe anaona rangi zote, lakini analibeba, na mwanawe wa kiume anaweza kulipata, kama kaka yake mama au baba yake mama alivyolipata. Haliambukizi. Dawa yake haipo, na si ugonjwa wa kuongezeka. Si ukaidi wala roho mbaya.

Tulijaribu kwa upole, nyumbani kwa nyanya, bila watu wengi. Mikeka miwili, mweupe na wa rangi ya majani: mtoto hakukosa hata kimoja. Tukaondoa mweupe tukatandika mwekundu: akaanza kubahatisha, kisha akatutazama usoni kuona kama tumekasirika. Jicho lile hatutalisahau. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuanza na nyeupe. Mwanga na giza vinamsaidia kila mtoto, na hakuna atakayeaibishwa siku ya kwanza. Nyekundu ije baadaye sana, na ikija, mwalimu aweke alama: kitambaa cha rangi ya majani kishonwe jani pembeni, mtoto ajue kwa kidole.

Mwalimu akiona mtoto anachanganya rangi hizi mbili, asifanye haraka kusema ana macho hayo. Wengi wa miaka 2 na 3 wanachanganya majina tu, na yanapangika kabla ya miaka 5. Angoje, arudie mchezo wa mikeka, aulize nyanya na wajomba kwa heshima. Akifika umri wa kuanza shule na bado anachanganya, apelekwe kwa wanaopima macho, ili mwalimu wa shule ajulishwe mapema na mtoto asipigwe kwa sababu ya kalamu za rangi.

Na tena, sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto kwa uchawi. Tunaitaja ili kila mmoja ajue kwamba minong'ono ile ya wiki mbili ilikuwa karibu na kosa la gereza, licha ya kosa mbele za Mungu. Papa Simon Kimbangu alikaa miaka 30 kifungoni, akafia hapa mjini kwetu tarehe 12 mwezi wa kumi 1951, kwa tuhuma za watu. Sisi tunaobeba jina lake tulipaswa kuwa wa mwisho kusema neno lile juu ya mtoto.

Tulikwenda mashemasi wanne kwa baba na mama wa mtoto, tukaomba msamaha tukiwa tumesimama. Siku ya Mungu iliyofuata tulisema mbele ya mkutano, bila kutaja jina lake, kwamba neno lililotembea lilikuwa la uongo na kwamba mashemasi walikosa kwa kunyamaza. Aliyelianzisha alisimama mwenyewe. Katika maandamano ya Noeli mtoto alipita mbele kabisa, na kitambaa chenye jani lililoshonwa pembeni. Nyanya yake ndiye aliyelishona, kwa uzi mweupe.

Kwa kalasi ijayo tunawaomba wazazi mlete vitenge vya kanisa vilivyochakaa, makopo mawili matupu yenye kingo zisizokata, na konzi moja ya maharage. Walimu wakutane na mashemasi Jumamosi saa nane mchana kushona alama kwenye vitambaa vyote, vya watoto wote.